Shashi kwenye Shingo ya Idil

Darubini ililetwa Jumatatu ndani ya mkoba wake mweusi, na Komora wa ofisi ya hifadhi akaikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto mchanga.

"Mama, ijaribu siku tatu porini. Jua, vumbi, umbali, yote. Ukiisifu, tutawatafutia wahesabu ndege wote. Ukiikataa, inarudi ilikotoka."

"Na nikiiangusha?"

"Usiiangushe, Mama."

"Basi hukutaka nijaribu. Umetaka nikubebee," Kinsi akamjibu, akaitundika shingoni juu ya mtandio.

Ndivyo alivyokuwa Kinsi Abdiwahab. Aliishia darasa la saba, umri wake hamsini na kitu, na ulimi wake haukuwahi kulala. Kuhesabu ndege wa hifadhi ya jamii, nje kidogo ya Modogashe, ilikuwa kazi waliyoicheka wanaume mwanzoni. Sasa walikuwa wakimuuliza kama kuna nafasi.

Mumewe, Aden, alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Eda ilipokwisha, Korane, mdogo wa marehemu, alikuja kumposa kama ilivyo desturi. Kinsi akamwambia mbele za watu, "Mume mmoja nimemlea mpaka kaburini. Wa pili sina nguvu za kumlea." Watu walicheka. Korane naye alicheka, lakini tangu siku ile hakumsamehe.

Kundi la ngamia likabaki mikononi mwa Korane, na ndani yake Idil, ngamia jike ambaye Kinsi alipewa na baba yake alipoolewa, angali ndama. Ukame ulipoua mifugo, Korane alikuja kumwambia kwamba Idil naye amekwenda.

"Hata ngozi hukuniletea?"

"Fisi, shemeji. Wameacha nini?"

Kinsi alilia siku moja tu, kwa kuwa mwaka ule kila boma lilikuwa na kilio chake. Nani angemsikia?

Basi Jumanne asubuhi alikaa ukingoni mwa laga, mto mkavu wa mchanga, fomu ya Komora magotini. Alianza na kanga wa kifua cha buluu. Michirizi ya manyoya ya shingo aliihesabu mmoja mmoja. Akaandika: nzuri. Kigurudumu cha katikati kilikwaruza kwa vumbi, akaandika na hilo pia. Swali la nne lilimhusu shashi, yule ndege mwenye mdomo mwekundu anayedonoa kupe: je, pete ya njano ya jicho lake inaonekana kwa hatua mia mbili? Chini yake palikuwa na nafasi ya kuandika shashi ametua juu ya mnyama gani, na mwenye mnyama ni nani, maana dawa ya kupe huwaua ndege hao na ofisi ilitaka kuwajua wafugaji.

Ng'ambo ya laga ngamia walikuwa wakiteremka kwenye bwawa. Shashi alikuwa shingoni mwa mmoja. Kinsi akazungusha kigurudumu taratibu, mpaka pete ya njano ikakaa sawasawa, kama imechorwa kwa kalamu. Ndege akapanda juu, akafika sikioni.

Sikio lile lilikuwa na kovu la mishono mitano mibaya, ya sindano ya gunia. Ilikuwa mishono yake mwenyewe, ya mwaka fisi alipomrarua Idil sikio, zamani kabla ya ukame. Chini ya sikio, shavuni, palikuwa na alama ya moto ya baba yake, mstari uliopinda na nukta mbili. Juu yake ilichomwa alama ya Korane, nywele hazijaota vizuri. Nyuma alifuata ndama.

Kinsi aliinuka, akakimbia ndani ya mchanga wa laga, pindo la buibui mkononi. Alipotokea upande wa pili, mchungaji alikuwa amekwisha piga mluzi na kundi limeingia kichakani.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Kulow, mkuu wa wazee, aliyekuwa akinywa chai hotelini na wenzake. Korane aliitwa, akaja amepaka hina ndevuni.

"Umemwona kwa macho yako?" Kulow aliuliza.

"Kwa macho yangu, adeer," Kinsi alijibu, akimwita ami kwa heshima.

"Kwa macho yako, au kwa macho ya ofisi?" Korane akadakia, na vikombe vikatikisika kwa kicheko.

"Macho yangu yalikuwa nyuma ya vioo," Kinsi alisema. "Yako yako wapi, Korane, usiyemtambua ngamia wa mke wa marehemu kaka yako? Twendeni kwenye kundi, tumshike sikio."

"Ngamia wana kikohozi. Wallahi sitaki mguu wa mtu pale."

Kulow alifuta midomo. "Basi nitatazama kutoka ng'ambo, kwa hicho kioo. Nikiiona alama ya baba yako, ngamia ni wako, na ndama wake."

Alhamisi walisimama ukingoni, Kulow, Korane na wazee wawili. Idil alikuwa bwawani, shashi shingoni mwake. Kinsi alimvika mzee mkanda wa darubini, akamwekea kidole kwenye kigurudumu.

"Zungusha, adeer. Ukungu ukiondoka, acha."

Kulow alizungusha mbele, akapita, akarudisha kidogo. Kidole kikasimama. Mdomo ukamfunguka kama wa mtoto.

"Subhanallah! Ndege mdogo vile, na jicho lina pete ya njano!"

"Sasa sogea shavuni, adeer. Chini ya sikio."

Kidole hakikusogea. Korane alikohoa mara moja, kikohozi cha mtu asiye mgonjwa. Mzee akavua darubini.

"Vumbi," alisema. "Alama siioni."

"Pete ya jicho la ndege umeiona, na alama ya shavu zima la ngamia huioni?"

"Ndege nimemwona. Alama sikuiona. Tusiwagombanishe watu wa nyumba moja kwa ajili ya ngamia mmoja, binti yangu."

Wazee walikung'uta kanzu, wakaondoka na Korane.

Jioni Komora alikuja kuichukua darubini. Aliisoma fomu amesimama, akitabasamu. Penye swali la mjaribu wa pili Kinsi alikuwa ameandika: mzee wa miaka sabini na mbili, hatua mia mbili, pete ya jicho ameiona vizuri.

"Hii ndiyo! Kama mzee wa sabini anaona, tunaichukua." Akasoma mistari ya chini. "Mnyama: ngamia jike. Mwenyewe: Kinsi Abdiwahab. Aisee, Mama! Hukuniambia una ngamia."

"Ninaye, na ndama wake."

"Yuko wapi, nije nimwone?"

Kinsi alivuta zipu ya mkoba mweusi, akamwekea begani.

"Yumo humo mkobani," alisema. "Nje ya hicho kioo wanasema amekufa."