Shangazi Alipopiga Hodi

Mjukuu wangu, hodari wa darasa zima, karudi nyumbani baada ya dawa za saratani ya damu. Mwili hauna kinga. Homa ikimshika ni mbio hospitali. Nnanawa kwa sabuni ya dawa, jirani aliyenizidi umri anapiga hodi huku anapenga kamasi.

Sabuni hii ndiyo aliyonawia mama zamani. Mie mtoto, nimewekwa mlangoni nizuie watu, maana mdogo wangu kazaliwa njiti. Shangazi kaja anakohoa.

“Nipishe, mwanangu. Mie si mgeni.”

Mkubwa hazuiliwi kwetu. Nikambusu mkono, nikampisha. Haikufika Ijumaa, godoro la marehemu mdogo wangu likaanikwa uani.

“Nimuone mara moja tu, mwenzangu,” jirani anasema.

“Kaa barazani, Bi mkubwa. Ukitaka kununa, nuna.”