Gia Nzito Kwenye Mchanga wa Laga

Sauti ile ilikuwa ya lori. Ningeapa. Lori lililopakiwa mpaka juu, linapanda polepole, ngrrrr, linanyamaza kidogo, halafu ngrrrr tena. Nilikuwa katikati ya laga, miguu imezama mchangani, jua linachoma. Nikamwambia shangazi, "Ni lori la kwenda Merti tu."

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mitungi ya maziwa ya ngamia ikining'inia huku na huku. Akainua uso.

"Lori la Merti linapita barabarani, we msichana. Hilo linatoka mtoni."

Laga kwetu ni mto usio na maji, mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Lakini mvua ikinyesha milimani upande wa Meru, maji huja bila kubisha hodi, hata kama hapa Isiolo mbingu ni nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa. Karibu kila nyumba ina mtu aliyekwenda na maji ya laga.

Tulikuwa humo kwa sababu yangu. Shangazi, dada ya baba, huuza maziwa sokoni, na mimi ndiye miguu yake, maana goti lake la kushoto lilikataa kazi zamani. Fundi wa baiskeli za umeme mjini alikuwa ametupa mbili tuzijaribu, kisha tubaki na moja. Mimi nilikuwa nimeshaota mbali. Niliwaona akina mama wote wa maziwa juu ya baiskeli, mabuibui yakipepea, na mimi mbele yao nikipiga kengele.

Ya kwanza ilikuwa na mota ndani ya gurudumu la nyuma. Tamu! Unakunja mkono tu kwenye mshikio wa moto, gurudumu linajizungusha lenyewe, cheni ni kama pambo. Kwenye lami nilikuwa upepo. Lakini ndani ya laga hiihii ilipata joto, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikalala. Tukaisukuma. Ya pili mota yake iko katikati, penye pedali, na nguvu yote hupitia kwenye cheni na gia. Ilipanda kilima cha mawe kama mbuzi. Nikaipenda palepale.

Shangazi aliiangalia ile cheni kwa jicho moja. "Hii yako ni ngamia wa kamba moja. Kamba ikikatika, utamwita kwa jina?"

Nilicheka. Siku hiyo nikaingia mchangani bila wasiwasi, nikijua la kufanya. Baba amekuwa dereva wa malori tangu sijazaliwa, na wimbo wake ni mmoja: "Mchangani, gia nzito." Basi nikatia gia nzito.

Baiskeli ikaenda kidogo, ikalemewa, mota ikalia. Nikabonyeza gia huku mkono bado umekunja moto wote. Kra! Cheni ikaruka, ikaning'inia kama utumbo. Mota ikazunguka bure, gurudumu halina habari. Na hapo ndipo lori likasikika.

"Shuka, shangazi! Tukimbie!"

"Nikimbie na goti la nani?"

Niliwaza ile nyingine, ya mota gurudumuni. Hata cheni ingeanguka, ingejikokota na joto lake ikamtoa shangazi. Hii nzuri yangu ilikuwa chuma tu. Nikajua kwamba nikimwacha nitaishi, na wazo hilo lilinitisha kuliko maji.

Shangazi akafungua kamba mwenyewe, mitungi ikaanguka. "Ngamia atakamwa kesho," akasema. Akaegemea kiti cha baiskeli kama fimbo, mimi nikasukuma. Mchanga ulitushika visigino. Yeye alikuwa akinong'ona shahada, nami nilitaka kumwambia anyamaze, kwa sababu niliogopa kwamba ataimaliza.

Ukingoni goti likakataa. Nikaiangusha baiskeli juu ya nyasi, nikarudi, nikamshika kwapa, nikamvuta kama gunia. Kwanza ulikuja ulimi wa povu, na mavi ya mbuzi na vijiti. Halafu mto wote, mwekundu, na mti mzima ukibingirika ndani yake. Pale tuliposimama pakapotea.

Tuliketi kwenye nyasi, kando ya baiskeli.

"Ulitia gia gani?" akauliza shangazi.

"Nzito. Kama baba anavyosema."

Nikairudisha cheni kwa vidole, nikazungusha pedali kwa mkono. Ilikuwa nzito kweli, mkono haukuiweza. Nikaelewa. Kwenye lori, nzito ni ile ya kwanza, ya nguvu. Kwenye baiskeli, ya nguvu ndiyo nyepesi.

Shangazi akafuta machozi kwa shela. Sikujua kama analia au anacheka. "Yaani kakangu nusura anizamishe, na hata hayuko hapa!"

Fundi alipouliza tunabaki na ipi, shangazi alisema ya gurudumuni, ile isiyotegemea kamba. Mimi nikasema ya katikati, kwa sababu ile nyingine ingetulaza humo humo.

"Chukua," akasema shangazi. "Lakini mimi sipandi mpaka uijue."

Maji yalipokauka nilikwenda peke yangu, asubuhi, bila mzigo. Nikatazama milima: haikuwa na wingu. Nikasimama pembeni, mbali kidogo na mchanga, nikasikiliza mpaka masikio yakauma. Kisha nikaendesha polepole kwenye ardhi ngumu, nikalegeza mkono, nikabonyeza gia, moja baada ya nyingine, mpaka pedali ikawa nyepesi kama haina kitu. Gia ilikuwa imefika mwisho. Nikabonyeza tena, nihakikishe.