Wiki Niliyoandika Kwamba Mswada wa Mchanga Umepita

Niliambiwa niandike kwamba mswada wa mchanga umepita, nikaandika. Ulikuwa haujapita. Mheshimiwa aliyeniambia hakunitisha wala hakupandisha sauti, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nimewaandikia wananchi habari za bunge kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nyinyi mnaoifanya kazi hiyo sasa kwa simu mtaona mengi ya wakati wetu yamepitwa, lakini hilo halijapitwa, ndiyo maana naanza nalo.

Kazi niliianzia Sultan Hamud, upande wa Makueni, katika ofisi ya mbunge. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na mwandiko mzuri, basi. Siku ya kwanza meneja wa ofisi, mama aliyestaafu ualimu, alinipa rundo la karatasi za bunge. Akaniambia nizisome mpaka saa nane, kisha nikamweleze mama aliyeuza maharagwe nje ya lango kile mbunge wake alichofanya wiki hiyo. Nikasoma, nikatoka, nikamweleza: hoja imewasilishwa, kamati imekaa, ripoti imewekwa mezani. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, huku akipimia mteja.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza.

Nikaanza kupekua karatasi zangu upya. Meneja alikuwa dirishani akinicheka. "Rudi ndani," akasema. "Siku utakayokuwa na jibu la huyo mama, utakuwa umejua kazi."

Yeye ndiye aliyenifundisha utaratibu nilioufuata hadi mwisho. Mswada ni pendekezo la sheria. Husomwa mara ya kwanza, na hapo hutajwa jina lake tu ndani ya bunge. Kamati huuchukua na kuja kuwauliza wananchi maoni yao. Husomwa mara ya pili ukajadiliwa, mara ya tatu ukapigiwa kura, halafu hupelekwa kutiwa saini. Kabla ya saini hakuna sheria. Katika barua yetu ya kila wiki, isiyozidi ukurasa mmoja, kila jambo lilipewa hatua lililofikia, na chini yake mstari mmoja wenye kichwa "Kazi yenu wiki hii". Mara nyingi mstari huo ulikuwa na neno moja tu: ngojeni. Wabunge hawakulipenda neno hilo. Meneja hakukubali kuliondoa hata siku moja.

Ugatuzi ulipokuja, mabunge ya kaunti yalihitaji watu wanaojua karatasi hizo, nami nikarudi nyumbani, kusini mwa Kitui, kuwa karani wa mwakilishi wa wadi. Mheshimiwa wa kwanza alikuwa mtu mkimya. Alinipigia simu kila Alhamisi jioni kikao kikiisha, akanisomea alichoandika kwenye daftari lake, na kama hakusema lolote bungeni wiki hiyo aliniambia niandike hivyo hivyo. Alikaa muhula mmoja, wapiga kura wakamtoa.

Barua ilibandikwa ofisi ya chifu, kwenye mashine ya kusaga, na langoni pa soko la mifugo la Ikutha siku ya mnada. Lakini wengi waliisikia kanisani. Mchungaji alinipa dakika tano baada ya sadaka, nikaisoma kwa Kikamba. Watu walinizoea. Wazee waliniita Karani hata nikiwa shambani na jembe. Nilipofika kwenye "kazi yenu", akina mama walitoa kalamu wakaandika nyuma ya Biblia zao.

Ndugu yangu Wambua, mkubwa wangu kwa miaka minne, alikaa benchi la tatu kila Jumapili. Shamba lake lilikuwa ukingoni mwa mto wetu, mto ambao maji yake huonekana siku chache tu za mvua. Mwaka mzima uliobaki maji hukaa ndani ya mchanga. Ukichimba kwa koleo kimo cha kiuno unayapata, na Wambua alinywesha ng'ombe wake na kumwagilia sukuma yake kwa visima vya namna hiyo. Malori ya kuchota mchanga wa ujenzi yalipoanza kushuka mtoni kwenye kivuko, kila wiki kina cha visima vyake kiliongezeka. Mheshimiwa wa pili aliomba kura akiahidi sheria ya kuyazuia.

Mswada ulichelewa. Ulipoletwa bungeni hatimaye, ulisomwa mara ya kwanza Jumatano moja, ukapelekwa kwa kamati. Mheshimiwa alifika ofisini Ijumaa na kukuta rasimu yangu mezani: mswada wa mchanga umesomwa mara ya kwanza, kazi yenu, ngojeni kamati. Jumapili hiyo kanisa letu lilikuwa na sherehe ya jengo jipya, na yeye ndiye mgeni wa heshima.

"Karani, nimewaambia wangoje miaka mingapi?" akasema. "Andika umepita."

Nikamwambia haujapita.

"Utapita. Wajumbe wote wako upande wetu. Kwani kuna mama hapa anasoma hansadi?" Hansadi ni kitabu cha kila neno linalosemwa bungeni, na ni kweli hakuna aliyeisoma isipokuwa mimi. "Wewe ni mtu wa hapa. Si ndugu yako analia na hayo malori kila siku? Mpe raha kidogo."

Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha, hilo silifichi. Lakini kilichonivuta zaidi ni kwamba nilitaka iwe kweli. Nilijiambia ni suala la wiki chache, kwamba barua imetangulia tu. Nikafuta, nikaandika kwamba mswada umepita na malori yamekatazwa. Chini yake nikaandika: kazi yenu wiki hii, lindeni mto.

Nilipoisoma Jumapili, kanisa lilipiga makofi, na Mheshimiwa akasimama akapunga mkono. Wambua hakupiga makofi. Aliningoja mlangoni, kofia mkononi.

"Karani, ni sheria sasa?" Hakuwa na kawaida ya kuniita Karani. Aliniuliza kama mtu anayeuliza ofisini.

"Ni sheria," nikamwambia.

Jumanne alikusanya wanaume saba wakavingirisha mawe hadi kivukoni. Lori la kwanza lilisimama. Dereva akapiga simu, askari wakaja, na mkubwa wao akawauliza kwa adabu wanafunga njia kwa mamlaka gani. Wambua alifungua Biblia yake akatoa barua yangu, imekunjwa mara nne. Askari aliisoma yote, hata sehemu ya mbegu za ruzuku.

"Mzee, hii ni barua ya kanisa," akasema. "Sheria ina namba. Namba iko wapi?"

Wote wanane walipelekwa. Walilala ndani siku mbili, wakapata adhabu ya kuhudumia jamii: kufagia soko la Ikutha siku tatu za mnada. Wambua, mzee wa kanisa, alizoa kinyesi cha ng'ombe mbele ya wanunuzi waliomjua kwa jina. Mmoja wao alimwambia afagie vizuri, sheria yake inapita hapo. Niliyasikia hayo kwa wengine, kwa sababu siku hizo tatu sikwenda sokoni.

Nilimwomba Mheshimiwa turekebishe barua. Akakataa. "Tukirekebisha hii, watauliza tuliandika nini kwenye zile zingine." Zile zingine zilikuwa za kweli zote, na ningeweza kumjibu hivyo. Badala yake niliandika barua ya wiki iliyofuata kuhusu basari, na mchanga sikuutaja.

Miezi michache baadaye kamati ilikuja kusikiliza wananchi, kama sheria inavyotaka. Mwisho wa mswada kulikuwa na jedwali, yaani orodha ya sehemu za mito zitakazofungwa, na kivuko chetu kilikuwemo. Barua yangu ya wiki hiyo ilisema kweli kabisa: kazi yenu, njooni mseme. Ukumbi ulipangwa viti mia. Walikuja watu wanne, na wawili kati yao walitumwa na wenye malori. Katibu wa kamati aliniuliza watu wako wapi. Nilijua. Nusu walishasikia kwangu kuwa mswada umepita, kwa hiyo hawakuona la kusemea. Nusu waliona ni barua ya Karani tena.

Waliotumwa waliomba kivuko kitolewe kwenye jedwali kwa sababu ni njia ya watu. Mwenyekiti akauliza mara mbili kama kuna mkazi anayepinga. Mimi ni mkazi. Nilikuwa nimeketi pembeni nikiandika kumbukumbu za mkutano, na nikaandika: hakuna aliyepinga.

Mswada ukapita kweli, kivuko chetu kikiwa kimetolewa, ukatiwa saini, ukapewa namba. Unalinda mito mingine vizuri. Kwetu malori yalikuja na vibali, na baada ya misimu mitatu ya mvua mto ulibaki mwamba mtupu. Wambua alichimba mpaka koleo likagonga jiwe. Aliuza ng'ombe, akaenda Mtito Andei kulinda lango la nyumba ya wageni wanakolala madereva.

Mimi mkataba wangu uliongezwa mara mbili. Nilistaafu kwa sherehe ndogo, keki na saa ya ukutani. Vijana walioshika kazi hiyo huniuliza jinsi ya kuandika kwa ufupi, nami huwaonyesha. Huwaambia pia kwamba mheshimiwa atakayewaambia waandike uongo atakuwa na sababu nzuri, pengine hata sababu watakayoipenda. Wanaitikia kwa kichwa. Hata mimi niliitikia kwa kichwa nilipoambiwa na meneja wangu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Wambua. Alifurahi, akaniletea kiti chake mwenyewe na chai, tukaongea habari za watoto. Hajawahi kunitukana wala kunikumbusha. Nikamwambia kwamba nyumbani kumenyesha usiku wa kuamkia jana, mvua nzuri, nimeiona kwa macho yangu. Akasema vizuri. Kisha akamgeukia dereva aliyekuwa akifunga turubai la lori lake pale uani, mtu aliyesema ametoka Kitui asubuhi hiyo.

"Bwana," akamwuliza, "ni kweli kule kumenyesha?"

Dereva akasema ni kweli, na hapo ndipo ndugu yangu akatabasamu. Hicho ndicho nilicholipa. Mto wetu umekwisha, na ndugu yangu hawezi tena kuniamini hata nikimwambia mvua imenyesha.