Meli Ilipoanza Kuagiza Kabichi

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ghalani saa moja asubuhi nimevaa viatu vya shule, kwa sababu ndivyo pekee nilivyokuwa navyo vyenye heshima. Karani wa Mizani akaniangalia miguu, akaniuliza kama nimepotea nikitafuta chumba cha mtihani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Nilistaafu nikiwa na umri huo huo, wiki sita baadaye, shule zilipokaribia kufunguliwa. Nawaandikia nyinyi mnaokuja nyuma yangu mpate kujua jinsi kazi ilivyofanywa enzi zetu, yaani likizo iliyopita.

Ghala lenyewe liko Changamwe, nyuma ya barabara ya malori, na kazi yake ni kulisha meli. Watu hudhani meli ikifunga gati mabaharia hushuka na vikapu kwenda sokoni. Sivyo. Meli hutuma oda siku kadhaa kabla ya kufika: vitunguu, mayai, limau, sabuni, hata nyembe. Sisi tunakusanya, tunapima, tunapakia lori, na lori linaingia bandarini na karatasi zake. Meli ya mizigo huagiza kama bweni la wavulana. Meli ya starehe, ile ambayo watalii wanalala baharini na kuamkia nchi nyingine, huagiza kama harusi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mizani. Mkubwa wangu hapo, Karani wa Mizani, ni kijana wa bara anayekaa Miritini. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba ukipima kreti ya nyanya lazima kwanza utoe uzito wa kreti tupu, kwani karani asiyefanya hivyo anauza mbao kwa bei ya nyanya. Wiki ya pili nikahamishiwa chumba cha baridi, chini ya Meneja wa Ghala, mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili yake ni "funga mlango". Wiki ya tatu nikapandishwa hadi ofisi ya oda, kwa sababu ya mwandiko wangu, au kwa sababu Meneja wa Ghala alichoka na maswali yangu.

Ofisi ya oda ilikuwa ya Bi Mkurugenzi mwenyewe, mama wa Kimvita aliyerithi ghala kwa babake. Siku ya kwanza aliniita.

"Zuwena."

"Abee."

"Humu tunajua nani anakula nini. Oda ya mteja ni kama maradhi ya mgonjwa. Ukitoka nje ya lango, hukuiona."

Ndiyo maana jina la meli ninayotaka kuisimulia silitaji. Nitaiita Bi Harusi: ilikuwa nyeupe, ilichelewa kila mara, na gharama zake hazikuwa za mchezo. Ilikuwa ikizunguka visiwa na kurudi Mombasa kila baada ya siku kumi hivi. Oda yake ya kwanza niliipima mwenyewe. Kamba wakubwa, mananasi, maembe, na mawaridi yaliyosafirishwa kutoka bara yakiwa yamefungwa vizuri kuliko mimi ninavyofungwa kwenda harusini. Oda ya pili haikuwa na mawaridi, na badala ya kamba waliandika kuku wa barafu. Nilimuuliza Meneja wa Ghala kwa nini. Akaniambia nifunge mlango.

Sasa lazima niwajulishe kwa Shangazi Mwanaisha, dada wa baba, ambaye nilikaa kwake Jomvu Kuu kipindi chote cha utumishi wangu. Yeye amestaafu kweli. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na mbili. Maisha yake yote ameziona meli kwa mbali na hajapanda chombo chochote zaidi ya feri ya Likoni, ambayo anasema haihesabiki kwa kuwa unasimama. Alipopata kiinua mgongo alitengeneza paa, akatoa sadaka, na kilichobaki akakiwekea nia moja: siku saba ndani ya Bi Harusi, chumba chenye dirisha. Arubuni alikwisha kutoa. Kilichobaki alipaswa kumaliza kwa miezi mitatu, lakini wakala wa tiketi alimpigia kwamba akilipa zote kabla ya Ijumaa saa sita mchana, atapunguziwa sana.

"Shangazi, hiyo arubuni imewekwa wapi?" nilimuuliza siku moja tukimenya muhogo.

"Imewekwa. Unauliza wapi ya nini? Mtu akipokea arubuni yako, kitu chako kinatengwa. Babu yako alitoa arubuni ya mlango kwa seremala. Seremala akafa, na watoto wake wakauleta mlango. Ndiyo maana ya arubuni."

Niliendelea kumenya, maana mlango wenyewe ndio niliokuwa nimeuegemea.

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo ikaja oda ya tatu ya Bi Harusi. Hakuna kamba, hakuna nanasi. Kabichi, gunia kwa gunia. Vitunguu, maharagwe, mayai ya daraja la pili. Nilidhani watalii wameamua kupunguza matumbo. Karani wa Mizani akaisoma oda juu ya bega langu, akacheka.

"Zuwe, hao hawapunguzi tumbo. Hao wamesota. Kabichi ni chakula cha tarehe ishirini na tano, mshahara haujaingia. Muulize mama yangu."

Chini ya oda palikuwa na barua. Kampuni ilikuwa ikiomba ilipe baada ya siku tisini badala ya thelathini, "kwa muda tu". Niliisoma mara mbili, kisha nikahisi baridi kuliko ile ya chumba cha baridi, kwa sababu akilini nilimwona Shangazi na bahasha ya pesa zake.

Alasiri ile nilimkuta anapiga pasi gauni jipya.

"Shangazi, usilipe Ijumaa."

"Kwa nini?"

"Siwezi kusema."

"Umeota?"

"Sijaota."

"Basi unataka nikununulie simu kwa hizo pesa."

Nilikiri kwamba simu ningeipokea, ila hiyo si hoja.

"Mwanangu, sababu isiyosemeka si sababu, ni uchuro. Nipishe, pasi itapoa."

Alhamisi nilibisha mlango wa Bi Mkurugenzi, nikatoa shikamoo ndefu kuliko kawaida.

"Marahaba. Umevunja mayai?"

"La. Karibu nivunje siri." Nikamweleza yote: Shangazi, kiinua mgongo, Ijumaa saa sita.

Alivua miwani. "Ulimtajia oda?"

"Sikumtajia. Nilimwambia asilipe tu, akanifukuza."

"Alifanya vyema. Ningekufukuza mimi pia."

Lakini hakuniambia nitoke, na mimi swali lilikuwa linanichoma tangu mchana wa jana. "Bi Mkurugenzi, meli kubwa vile inakosaje pesa ya kamba?"

"Ukubwa ndio maradhi yenyewe. Meli ile imejengwa kwa mkopo, na mkopo haulali hata vyumba vikiwa vitupu. Mafuta yakipanda bei, tiketi alizouza mwenye meli zamani hazipandi nayo. Mahali pakiwa na vita anazunguka mbali, bima inapanda, siku zinaongezeka, na wale ndani wanaendelea kula mara tano kwa siku. Lori likikosa kazi mimi naliegesha hapo uani. Meli ukiiegesha, unalipia kuegesha."

"Na pesa za watu waliolipa mapema?"

"Wewe unadhani zimewekwa kando? Zimenunua mafuta ya safari ya leo. Abiria wa mwezi ujao ndiye anayemlisha abiria wa leo. Wakija wengi, hakuna anayejua. Wakipungua, ndipo unapoona bei inashushwa kwa atakayelipa zote haraka."

Nilikaa bila kuombwa. "Na kampuni ikianguka?"

"Watu wanapanga foleni. Mabaharia na mishahara yao, bandari na ada zake, benki na rehani yake. Sisi wa vitunguu tuko nyuma, lakini angalau tunaweza kukimbilia mahakamani kuomba meli ishikwe isitoke. Shangazi yako atashika nini? Yuko nyuma yetu na risiti."

"Basi nimwambie."

"Humwambii kitu. Mteja wangu hajafa. Kesho huenda akapata mkopo akaagiza kamba, na uvumi wako ukawa ndio uliomuua. Mpe maswali. Maswali si siri ya mtu." Akanisomea, nami nikaandika nyuma ya karatasi ya mayai.

Ijumaa saa nne na nusu Shangazi alikuwa na bahasha mkobani. Nilimpa karatasi. Nikamwambia mimi sisemi lolote, yeye aulize tu kabla hajatoka. Muuguzi hawezi kuiona fomu akaiacha. Alivaa miwani, akampigia wakala, akaweka simu mezani kwa sauti kubwa.

"Mwanangu, hizi pesa nikileta leo, zinakaa wapi mpaka siku ya kupanda?"

"Zinakwenda kwa kampuni, mama."

"Nimeuliza zinakaa wapi. Sikuuliza zinakwenda wapi."

"Zinaingia akaunti ya shughuli zao, mama. Ni kawaida."

"Na arubuni yangu?"

"Hiyo ilishaingia, mama."

"Ikatengwa?"

"Kutengwa vipi, mama?"

Kijana yule hakuwa na ubaya. Aliuliza kwa dhati, kama mtu aliyesikia jambo hilo mara ya kwanza. Nilimwona Shangazi akiutazama mlango wa babu, kisha akirudi kwenye karatasi.

"Na meli isipokuja?"

"Masharti yanaruhusu kampuni kubadili njia. Mtapewa hati ya kusafiri siku nyingine, ndani ya mwaka."

"Na kampuni isipokuwepo ndani ya huo mwaka? Hiyo bima mliyoniuzia, inataja kufilisika au inataja kuharisha peke yake?"

Tulisikia karatasi zikipekuliwa. "Inataja ugonjwa, mama. Na mizigo kupotea. Lakini mama, ofa inaisha saa sita."

"Nayo na iishe."

Arubuni haikurudi, masharti yalisema hairudi. Siku nne Shangazi alinisemesha kwa mahitaji tu, chumvi na maji, kama mimi ndiye niliyeizamisha meli. Sikumlaumu. Bi Harusi ingekuja na kuondoka salama, ningekuwa nimemnyang'anya Shangazi safari ya maisha yake kwa gunia la kabichi. Kila nikisujudu nilijikuta naomba vitu viwili visivyokaa pamoja: meli isizame, na meli isije.

Ghalani, Bi Mkurugenzi aliwajibu wenye meli kwamba siku tisini hawezi, na kwamba nusu ilipwe kabla. Hawakujibu, naye hakununua hata jani. Siku Bi Harusi ilipotarajiwa, abiria wa safari hiyo walikaa juu ya masanduku yao bandarini hadi adhuhuri, ndipo ujumbe ukaingia simuni kwamba kwa sababu za uendeshaji meli haitapita Mombasa. Karani wa Mizani ndiye aliyetuletea habari, aliwaona akiwa na lori la meli nyingine. Nilipomfikishia Shangazi sikuthubutu hata kutabasamu.

"Walikuwa wazee?" aliuliza.

"Wengi wao."

"Wamepewa nini?"

"Hati."

Akasema "innalillahi" kama mtu aliyeletewa tanzia, akaenda kuchota maji.

Nilistaafu Jumamosi iliyofuata. Bi Mkurugenzi alinilipa, akaniongezea trei ya mayai, na Meneja wa Ghala akanifungulia mlango yeye mwenyewe, jambo ambalo wazee wa pale wanasema halijawahi kutokea. Sasa nina muda wa kutafakari, hasa kipindi cha hesabu. Sijui kama Bi Harusi imekufa. Mara ya mwisho nilisikia inaelea mahali fulani, wenyewe wanazungumza na benki. Kampuni inaweza kuugua na kusafiri miaka, ikapona, na watu wakala kamba. Ninalolijua ni dogo zaidi: bei inayoshuka huku ikikuharakisha ni homa, na homa haikwambii ugonjwa gani, inakwambia upime. Lipa kidogo kidogo inapowezekana. Na usidhani watu wote duniani wanapokea arubuni kama seremala wa Jomvu.

Juzi nilikwenda kumsalimu Shangazi. Nilimkuta na simu mezani, sauti kubwa, wakala mwingine, meli nyingine.

"Nikuandikie kwa jina gani, mama?"

"Jina utalipata. Kwanza niambie pesa yangu italala wapi."

Yule mtu akasema hajawahi kuulizwa hilo, asubiri amuulize mkubwa wake. Shangazi akavuta kiti akakaa.

"Uliza taratibu, mwanangu," akamwambia. "Siendi popote mpaka unijibu."