Mikono Iliyonyamaza

Kwenye kituo cha televisheni walimpa jina la utani Mikono, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimama kwenye kona ya studio na kutafsiri habari kwa lugha ya alama. Lugha hiyo aliipata kwa mama yake, kiziwi tangu utotoni, mjane, na mmbea kuwashinda majirani wote wenye masikio.

Wakati wa kampeni, Mheshimiwa alipanda jukwaani akamshambulia mpinzani wake, mwanamke aliyefiwa na mume.

"Huyu kamla mumewe," alisema, "sasa anataka kutula na sisi!"

Kule studio, Mikono alitafsiri neno kwa neno. Aliporudi nyumbani, Mama hakumwitikia salamu. Miaka mingi nyuma, baba yake Mikono alipofariki, wifi alimwandikia Mama maneno hayohayo kwenye kipande cha karatasi, palepale msibani.

Lawama zilipozidi, ikatangazwa kuwa Mheshimiwa ataomba radhi hewani Ijumaa. Msaidizi wake alimletea Mikono hotuba mapema ajiandae. Ilikuwa imeandikwa kwa adabu, hata "dada yangu" imo. Mikono akamtumia Mama ujumbe: "Saa saba usikose."

Mheshimiwa aliketi, akarekebisha tai, akaisukuma karatasi kando.

"Niombe radhi kwa lipi? Wa kuombwa radhi ni marehemu, kwa mkosi aliouoa!"

Wapambe wake wakaangua kicheko. Mikono alishusha mikono, akaibana mapajani. Mheshimiwa aliendelea kuporomosha matusi, na yeye kasimama tu mpaka kipindi kikaisha.

"We dada, ulilala?" mkurugenzi alimfokea, akamsimamisha kazi wiki mbili. Mikono hakubisha. Moyoni alijiona amemkinga mama yake.

Nyumbani alimkuta Mama akipiga pasi. Mama akaichomoa, akamgeukia.

"Alisema nini?" aliuliza kwa mikono.

"Upuuzi mtupu. Achana nao."

"Jirani anajua. Muuza duka anajua. Mimi nimemwona mwanangu kasimama kama nguzo. Nani kakutuma unichagulie?"

"Sikutaka uumie, Mama."

"Wifi alinichukia, lakini hakunificha."

 Mikono alisogea dirishani penye mwanga, akatafsiri yote, pamoja na ule uso wa dharau, maana bila uso lugha ile huwa nusu. Mama alitazama hadi mwisho.

"Watu walicheka?"

"Walicheka."

"Wengi?"

"Wote mle studio. Nisamehe, Mama."

 Mama alichomeka pasi, akavuta shati lingine.

Mheshimiwa hajaomba radhi hadi leo. Mikono alirudishwa kazini, na Mama humtazama kila jioni. Ila habari zikiisha, huchukua simu akamwandikia jirani, kumuuliza kama kuna kilichorukwa.