Pesa Zilizokuwa Malishoni

Barua ya onyo ninayo. Iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu hapa Buhare, pamoja na cheti cha ualimu na cheti cha ubatizo, na wajukuu wananicheka kwamba bibi ameweka aibu yake mahali anapoweka baraka. Wacheke, hawajui walisemalo. Wenzangu wengi wa rika langu walipewa vyeti vya utumishi bora, na leo ukiwauliza vimeandikwa nini hawakumbuki. Barua yangu mimi naijua kwa moyo.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Mugeta, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, serikali iliposema kila mtoto aingie darasani. Wakaingia kweli, mpaka wengine wakasomea madirishani. Nilikuwa mwanamke, sijaolewa, na kibaya zaidi mtu wa ziwani. Kwetu ni vijiji vya rasini, nimekuzwa kwa samaki, ningu na furu. Ng'ombe nilikuwaga namwona akipita tu. Wazee wa Mugeta walinipokea kwa heshima, kisha wakaanza utani. Mvua ikinyesha wananiuliza kama nimeshatega nyavu uwanjani. Nami Mungu alinipa mdomo. Niliwaambia samaki ana adabu kuliko ng'ombe, hajisaidii mlangoni kwa mtu.

Basi zikaja pesa za serikali kuu, za kujenga madarasa mawili. Nilizisainia ofisini Musoma, nikazifunga tumboni ndani ya kanga, nikapanda basi nimekaa wima kama mja mzito. Saruji hakuna. Duka la serikali walisema iko njiani, na sijui njia hiyo ilikuwa inapitia wapi, maana mwezi ulikwisha na mwingine ukaingia. Benki ilikuwa huko huko Musoma, na kufungua akaunti ya shule kulitaka sahihi ya bwana mmoja ambaye kila nikienda ninaambiwa yuko safarini. Kwa hiyo pesa zikalala kwenye kasha la chuma chini ya kitanda changu, na mimi juu yake sipati usingizi.

Nilikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Mwalimu mkuu wa shule nyingine upande ule alivunjiwa kasha lake. Kama aliiba mwenyewe au aliibiwa sijui mpaka leo, lakini alifungwa, na mkewe akarudi kwao na watoto. Mimi nyumbani nilikuwa na mama, hana mume, na mdogo wangu aliyekuwa sekondari. Wote wawili walikuwa wanakula mkononi mwangu. Nikifungwa mimi, wao hawana wa kumrudia.

Nikaitisha kamati ya shule nikawaambia ukweli kwamba naogopa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mmoja mrefu, mkulima wa pamba na mfugaji, anayeongea polepole mpaka unatamani umsaidie. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mwalimu, pesa ukiilaza inaamka imepungua. Ng'ombe ukimlaza anaamka na ndama."

Nilidhani ananitania tena. La hasha. Wanakamati wote waliitikia kwa vichwa kana kwamba amesema jambo la kawaida kabisa, na kwao lilikuwa la kawaida. Mtu wa kule akiuza pamba yake haweki noti ndani. Ananunua mtamba, na hamfugi zizini kwake peke yake, kwa kuwa wezi wa mifugo au ugonjwa vikija vitamaliza wote kwa siku moja. Anampeleka kwa rafiki, wa pili kwa rafiki mwingine. Anayefuga anakunywa maziwa na kutumia samadi, ndama ni wa mwenye mali. Hakuna karatasi. Ng'ombe akifa, mfugaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe, sikio likiwa bado juu yake na alama, ili ijulikane kwamba amekufa kweli na hakuuzwa.

Nilijua kanuni za fedha za serikali haziruhusu. Sitajifanya leo kwamba sikujua. Nilikaa siku tatu nikibishana na nafsi yangu, kisha nikakubali, kwa sharti moja kwamba mimi nitaandika. Wazee wakaenda mnada wa Bunda wakarudi na mitamba tisa. Tukawakata alama moja kwenye sikio la kushoto, tukawagawa kwa kaya tisa, nami nikaandika kwenye daftari rangi ya kila mmoja, bei yake na aliyepewa, na kila mmoja akaweka dole gumba. Jioni ile nililala usingizi wa maiti.

Mkaguzi wa hesabu alikuja msimu mwingine wa pamba, bila taarifa, kwa Landrova. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuwa mbaya. Niseme haki yake. Alikunywa maji, akaomba hati ya malipo, nikampa. Akaomba kasha, nikampa. Akalifungua akakuta daftari la mistari na chaki mbili.

"Ndugu mwalimu mkuu, pesa ziko wapi?"

"Zinachungwa, ndugu."

Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia napotea, maana maneno yaliyokuwa na akili mbele ya kamati yalikuwa ya kichaa mbele ya kalamu zile tatu. Hakufoka. Alisema atawahoji wanakamati mmoja mmoja, nami nikae nje nisiwafundishe majibu. Nikakaa kibarazani, dirisha likiwa wazi, nikasikia kila kitu.

Alianza na mwenyekiti. Akamuuliza ng'ombe wa shule ni wangapi. Mwenyekiti akajibu kwamba wapo. Mkaguzi akauliza tena, wangapi? Wapo wa kutosha, akasema mzee. Akaja wa pili: wapo, wanakula vizuri. Wa tatu: wapo, tunamshukuru Mungu. Nikasikia kalamu ikiandika kwamba wajumbe hawajui idadi ya mifugo, na damu ikanipanda kichwani.

Nilijua kwa nini. Pale hakuna mtu anayetaja idadi ya ng'ombe kwa mdomo. Kuwahesabu ng'ombe ni kuwaitia kifo, na mwenye akili zake hafanyi hivyo hata akiulizwa na serikali. Wazee wale walikuwa tayari mimi nifungwe kuliko kusema "tisa". Niliwakasirikia mpaka nikataka kulia. Nikaingia ndani bila ruhusa, nikamwambia mkaguzi anachongea watu wasio na kosa, asiwaulize wangapi, awaulize wa namna gani.

Alinitoa nje tena, lakini aliuliza hivyo. Lo! Mzee mwenyekiti yule wa maneno ya kuhesabu alimwagika kama gunia lililotoboka. Mweusi mwenye baka jeupe begani, yuko kwa fulani, ndama wake wa kwanza dume. Wa kijivu mwenye pembe iliyoinama, mkali akikamuliwa. Wa madoa, ambaye alinunuliwa kwa mtu fulani, na mama yake alikuwa hivi na hivi. Wa pili akaja akasema yale yale, na wa tatu vile vile, wala hawakuwa wamekutana. Mkaguzi alilinganisha na daftari langu mstari kwa mstari, na sauti yake ilibadilika kidogo.

Hata hivyo alitoka na uamuzi. Karatasi haina maziwa, alisema, anataka kuwaona kwa macho. Kesho saa sita mchana wote wawe uwanjani. Akikosekana hata mmoja, ataandika kwamba fedha za serikali zimepotea mikononi mwangu, na nitaondoka naye kwenda Musoma, polisi watajua la kufanya.

Asubuhi nilivaa gauni langu la kanisani. Nilisema kama ni kufungwa, nifungwe nimependeza. Saa tatu akaingia mweusi mwenye baka, na ndama wake. Halafu wa kijivu, akivutwa na vijana wawili kwa shida. Wakaja mmoja mmoja kutoka pande zote, wafugaji wao wamevaa makoti yao mazuri, hakuna aliyeambiwa avae. Wanafunzi walikuwa wanachungulia, na kwa mara ya kwanza sikuwakemea. Mkaguzi alipita akishika kila sikio la kushoto. Alikuwa anaogopa ng'ombe, nilimwona, lakini alishika yote.

Saa tano na nusu walikuwa wanane, na ndama wao. Aliyebaki alikuwa mwekundu mwenye uso mweupe. Yule tulimpa bibi mmoja mjane aliyekaa mbali kuliko wote, huko mwisho wa kijiji karibu na vilima. Tulimpa kwa sababu hakuwa na maziwa ya wajukuu zake. Wapo waliopinga siku ile, wakisema mwanamke peke yake hawezi kutunza mali ya watu, na mimi ndiye niliyeshikilia apewe. Mwenyekiti akatuma mtu kwa baiskeli. Saa sita ikafika. Mkaguzi akatazama saa yake, akasubiri, akatazama tena, akafunga jalada. Aliniambia kwa upole nikachukue nguo zangu. Nilimfikiria mama rasini akianika furu, hajui lolote.

Ndipo tukamwona. Alikuwa anakuja kwa miguu, kichwani amebeba kitu kilichokunjwa, kigumu, na nyuma yake ndama jike mwekundu mwenye uso mweupe amefungwa kamba. Alimpita mwenyekiti, akanipita mimi, akasimama mbele ya mkaguzi. Akatua mzigo, akaufungua. Ilikuwa ngozi. Ilikauka vizuri, haina tundu hata moja, na sikio la kushoto lipo na alama yake.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye serikali?"

Mkaguzi akajibu kwamba ndiyo, bibi, ametumwa na serikali.

"Basi pokea ngozi yako. Alikufa akizaa, wakati wa mvua. Niliuliza mwenyewe ni nani nimpelekee, majirani wakaniambia mwenyewe ni serikali. Nikasema itakuja."

Akaeleza kwamba ndama alimlea kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani, akimlipa jirani kwa kumpalilia pamba. Kisha akafungua pindo la kanga yake. Alikuwa na shilingi zimefungwa fundo, akazimwaga juu ya jalada lililofungwa. Nyama ilinunuliwa na majirani, akasema, na hizi ndizo pesa zake, isipokuwa ya mguu mmoja ambao wajukuu walikula kwa sababu walikuwa wanalia. Akauliza mguu unalipwaje.

Mimi nilianza kulia mbele ya shule nzima, kamasi na yote, na gauni la kanisani likaharibika. Mkaguzi aliinama akaokota ngozi kwa mikono miwili. Alimwambia bibi kwamba mguu ni ujira wake wa kuchunga, serikali imeukubali. Halafu akafungua jalada, akaandika stakabadhi ya ngozi moja na ya zile shilingi, akamshikisha bibi wino. Bibi alitazama kidole chake, akauliza wengine waliopewa ng'ombe nao waliweka kidole hivi hivi? Akaambiwa ndiyo. Aliridhika, akaomba maji.

Saruji ilipofika, tuliuza mitamba wale na ndama wao waliokwisha kukua. Pesa zilikuwa za madarasa mawili. Tulijenga matatu. La tatu watu walikuwa wanaliita darasa la ndama, na mpaka nahama lilikuwa halijapata ufa. Nasema hivi kwa majivuno, wala siombi radhi.

Lakini kanuni ni kanuni, na nilivunja kanuni. Niliitwa Musoma. Taarifa ya mkaguzi ilikuwa mezani kwa afisa elimu, naye akanisomea kwa sauti kavu: fedha za Serikali ziligeuzwa mifugo bila kibali, mwalimu mkuu apewe onyo la maandishi. Akageuza ukurasa. Hapo akasoma mstari wa mwisho taratibu kuliko ile mingine: hakuna fedha ya Serikali iliyopotea, na mali yote, pamoja na ya ng'ombe aliyekufa, imerejeshwa na wananchi wenyewe.

Nikainua macho. Kwenye rafu nyuma yake, katikati ya majalada ya shule zote za wilaya, ilikuwapo ile ngozi imekunjwa, na sikioni imefungwa kikaratasi chenye namba. Ilishapokelewa kwa stakabadhi, hakuna aliyejua iandikwe kwenye kitabu gani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuitupa. Afisa alisema inanuka. Nikamwambia itanuka, mzee, ndiyo risiti ya bibi.

Akanisogezea barua ya onyo na kalamu, akaniuliza kama nina la kujitetea. Nikasema sina. Nikasaini jina langu lote, la ubatizo, la baba na la ukoo, kwa mwandiko ule ninaoutumiaga ubaoni siku ya kwanza ya darasa la kwanza.