Mwendo wa Hamis Mpagazi

Bi Mgeni hakupata kunibusu hata siku moja, na angejaribu ningekimbia nikidhani amepandwa na shetani. Mapenzi yake yalikuwa kichwa cha samaki changu. Akikuwekea kichwa cha changu sahanini akasema, "Kula, umekonda kama fito, watu watadhani nakunyima," basi ujue umependwa, tena sana.

Alikuwa mkaanga samaki. Alfajiri yuko Feri anagombana na wavuvi. Jua likipanda yuko nyuma ya soko la Kariakoo, karai juu ya mafiga, kanga kiunoni, mdomo haulali. Nyumbani alikuwa na watoto watatu, na hakuna aliyetoka tumboni mwake: mimi Zamda, Sitara, na Anaeli. Baba zetu walikwenda kwenye vita vya Mwingereza na Mjerumani, wasirudi. Baba yake Anaeli alikuwa askari. Wa kwangu na wa Sitara walikuwa wapagazi wa jeshi, wale waliobeba risasi na unga mpaka Rufiji na mbele yake, na kambi yao ndiyo iliyoupa mtaa wetu jina. Mama yangu alichukuliwa na homa ile kubwa ya baada ya vita. Bi Mgeni, Mzaramo, alikuwa jirani tu. "Nilikwenda kuazima kinu," alikuwa akisema, "nikarudi na mtoto."

Kwake hukuli mpaka umtaje baba yako.

"Zamda, baba yako nani?"

"Hamis, Mnyamwezi wa Tabora, mpagazi!"

"Haya, kula. Na nyoosha hilo bega, utadhani umebeba ndoo."

Bega langu la kushoto limeshuka tangu nilipozaliwa, na kila siku lilipata karipio lake. Basi. Zaidi ya jina na kabila, Hamis sikumjua. Bi Mgeni mwenyewe alimwona siku chache tu kabla hajaondoka.

Mwaka 1928 nikamaliza msahafu. Maalim Ubeid wa chuo chetu cha Kurani alinisikiliza siku tatu mfululizo, hakunikamata hata mahali pamoja, na yule alikuwa mtu wa kukamata. Akasema, "Ijumaa baada ya sala nitakuhitimisha, wewe pamoja na Azza binti Ghanim." Nilirudi mbio mpaka nikapiga kumbo ungo wa choroko wa mtu sokoni. Nilitukanwa, sikusikia tusi hata moja.

Ila kuhitimu kulikuwa na desturi yake. Mtoto hupambwa, hutembezwa mtaani kwa dufu na kaswida mpaka chuoni, na mbele yake hutangulia mtu wa upande wa baba amebeba kilemba kipya cha mwalimu. Huyo ndiye amvishaye mwalimu. Upande wa mama haukubaliwi. Mwanamke aliyekwenda kuazima kinu, ndiyo kabisa!

Jumanne akaja Bi Fakhriya, mamake Azza, mke wa Ghanim mwenye duka la nguo Mchafukoge. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na huruma, na huruma yake ilikuwa na marashi mengi.

"Dada Mgeni, nimekuja kwa heri. Zamda hana mtu wa kumtangulia. Basi atembee nyuma ya Azza, amshikie mwavuli. Nguo nitampa mimi. Watu hawatauliza kitu."

"Hawatauliza," akajibu Bi Mgeni, akimgeuza samaki, "kwa sababu watamwona mjakazi."

"Astaghafiru! Mimi sikusema hivyo."

"Umeusema mwavuli, bibi wee. Juzuu thelathini amesoma yeye, halafu ashike mwavuli? Azza hana mikono?"

Bi Fakhriya akaondoka amenuna. Bi Mgeni akajifunga kanga upya, akaniambia niangalie karai, akaenda chuoni. Alirudi anatembea kama anayepigiwa ngoma.

"Maalim nimembana! Nimemuuliza, mtani je? Kafikiri, kashika ndevu, kasema, mtani huingia kaburini kumpokea mtani wake, kilemba ndiyo kitamshinda? Ila kasema aje kweli. Asipokuja, utatembea na akina Azza, maana mtoto hawekwi barabarani bila mtu mbele."

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kila mtu anajua. Hutukanana wakacheka, na mmoja akifa mwenzake ndiye hushika msiba. Mtani ndiye huvaa nguo za marehemu, akatembea mwendo wake na kusema kwa sauti yake, mpaka waliokuwa wakilia wanashika mbavu. Na pale sokoni alikuwapo Safari, Mzaramo wa Kisarawe, hamali wa magunia, aliyebeba mzigo wa jeshi msafara mmoja na baba yangu.

Jumatano Bi Mgeni akamsimamia njiani, gunia la mchele likiwa bado kichwani pake.

"Safari! Mtoto wa mtani wako anahitimu Ijumaa. Utakuja kuwa Hamis."

Safari akalitua gunia polepole. "Bi Mgeni, niache."

"Nikuache nikukaange?"

"Hukuwepo wewe. Mto ulikuwa umejaa, tunavuka, ukamchukua na mzigo wake. Hakuzikwa, hakupata sanda wala arobaini. Mtani humwigiza aliyezikwa. Yule nitamchezaje?"

"Kumbe ndiyo maana miaka kumi na moja ukiona karai langu unazunguka njia ya nyuma! Mimi nilidhani huli samaki."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Safari hakucheka. Bi Mgeni akashusha sauti, na mimi niliyemzoea nikashtuka, maana ile sauti ilikuwa haishukagi.

"Sikia, ndugu yangu. Mwaka jana serikali imesimamisha askari wa shaba kule mjini, na bunduki yake. Nimemzunguka mara mbili. Mzigo wake kabeba nani? Simwoni. Hamis hana kaburi, hana sanamu. Ana mtoto mmoja na mtani mmoja. Mtoto kamaliza kazi yake. Mtani sasa!"

Safari akalibeba gunia lake akaenda zake.

"Kaniudhi," akasema Bi Mgeni, akaanza kumgeuza samaki aliyekwisha kumgeuza.

Ijumaa nilipambwa tangu asubuhi. Wanja, hina, asumini, kanga mpya inayokwaruza. Kilemba cha mwalimu kilikuwa juu ya mkeka, kimekunjwa vizuri, kinamngoja mtu. Sala ikaisha. Safari hayupo. Sitara akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa kuchungulia mtaa.

"Wanakuja!"

"Nani?"

"Akina Azza."

Walikuja kweli, dufu linalia, Azza anang'aa kama taa ya karabai, Ghanim mbele na kilemba chake mikononi. Wakasimama mlangoni petu. Bi Fakhriya akanitazama kwa upole, mkononi ana mwavuli.

"Haya mwanangu. Tusimcheleweshe Maalim."

Nikamtazama Bi Mgeni. Alikiokota kilemba mkekani, akakikunja upya, akakirudisha. Nikainua mguu. Nilikwisha kuunyoosha mkono kuupokea ule mwavuli, wallahi, vidole vimeshagusa mpini, ndipo Sitara alipopiga ukelele akaanguka kutoka juu ya kinu.

Kutoka upande wa Mnazi Mmoja zilikuja sauti za wanaume, nzito, zinaitikiana:

"Mzigo!"

"Si mzito!"

"Njia!"

"Si ndefu!"

Mahamali wa soko zima! Wamepangana mmoja nyuma ya mwingine kama msafara wa jeshi, kila mmoja na mzigo kichwani: huyu nazi, huyu mchele, huyu jogoo anapiga kelele kapuni. Na wa mbele kabisa mzigo wake hakuubeba kichwani, aliubeba begani, kama Mnyamwezi. Bega la kushoto limeshuka. Mguu wa kulia anautupa nje kidogo kama anayeruka dimbwi, shingo imekaza, anapiga mluzi. Alikuwa Safari, lakini hakuwa Safari.

Mzee mmoja barabarani akashika kichwa. "Hamis huyo! Jamani, Hamis yule!"

Safari akafika mlangoni, akatua mzigo, akamkazia macho Bi Mgeni, akasema kwa Kiswahili cha Tabora: "Nani huyu kamlisha mwanangu samaki mpaka kakaribia kuota magamba?"

"Mimi!" akadakia Bi Mgeni. "Ulitaka ale nini, mluzi wako? Umeondoka hukuaga, umerudi na kuku mmoja!"

"Mzaramo mroho we! Wataka wawili?"

Mtaa mzima ukapasuka kwa kicheko. Bi Mgeni alicheka machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Na aliyepiga kigelegele cha kwanza, haki yake nimpe, ni Bi Fakhriya. Mwavuli aliufungua akamshikia Azza mwenyewe.

Basi tukatembea. Ghanim na binti yake, na sambamba nao Safari na mimi. Kilemba alikibeba kwa mikono miwili, bega limeshuka, na mimi nyuma yake nikautazama ule mwendo nikahisi mwili wangu unaujua. Kufika chuoni akamvisha Maalim Ubeid. Maalim akasoma dua, akamtaja Hamis kwa jina, na wapagazi wenzake wote wasio na kaburi. Hapo ndipo Safari alipolia.

Baadaye, tukila wali, nikamsogelea.

"Shikamoo baba. Ndivyo alivyotembea kweli?"

"Marahaba. Ndivyo. Bega lile alizaliwa nalo, tulikuwa tukimcheka." Akanitazama vizuri, akaacha kutafuna. "Na wewe unalo."

Bi Mgeni alisikia. Tangu siku ile mpaka anakufa hakuniambia tena ninyooshe bega.

Lakini siku yenyewe haikuisha kwa amani. Sitara alikwisha kumshika Safari kanzu upande mmoja, Anaeli upande wa pili.

"Na wangu? Wangu alitembeaje?"

"Wangu alikuwa askari! Alipiga mluzi?"

"Jamani, sikuwajua hao!"

"Hukuwajua, waliowajua wapo," akasema Bi Mgeni, tayari amesimama, anajifunga kanga. "Mji huu umejaa waliorudi. Maliza wali wako, Safari, tunaanza na mahamali wa bandarini."